Kidole cha Pili

Sehemu ya tano

Niliwaacha Jumanne asubuhi. Nilikuwa chini ya mwavuli wangu karibu na soko la Newala, na askari wa kike, Afande Stella, amesimama mbele yangu na karatasi mkononi. Alinisomea namba ya simu, tarakimu moja moja, kisha akaniuliza kama naijua.

Nilikuwa naijua. Iko kwenye simu yangu mwenyewe. Nimeiandika "Mama Mdogo".

Nikamjibu kwamba nasajili laini nyingi, siwezi kukumbuka namba zote.

Kwa mliokuja leo, jina langu ni Mwanakombo. Wateja wananiita Mama Faidha, kwa jina la mwanangu. Kazi yangu ni kusajili laini za simu kwa alama za vidole. Nina mwavuli, meza, kiti cha plastiki na mashine ndogo ya kampuni ambayo mteja anaweka kidole, inawaka taa, inasoma.

Ila kuna watu haiwasomi. Kina mama wa Makote wanaobangua korosho, mafuta ya ganda yamewala vidole mpaka vimekuwa laini kama sabuni iliyotumika. Wanaweka kidole gumba, mashine inasema rudia. Wanaweka cha shahada, rudia. Wananawa, wanajipangusa kwa kanga, rudia. Mwisho wanaondoka bila laini.

Mmoja wao ni mama yangu mdogo, Rukaiya, mdogo wake marehemu mama yangu. Ndiye aliyenilea. Alikuja kwangu mara nne. Mara ya nne aliniuliza, "Mwanangu, hii mashine ina ugomvi gani na mimi?"

Ndipo nikafanya nilichofanya. Mteja mwenye vidole vizima akija, nasajili laini yake, inakubali. Kisha namwambia, "Samahani, haijasoma, weka tena." Anaweka tena. Kidole cha kwanza kinakuwa chake. Kidole cha pili kinakuwa laini nyingine, kwa jina lake, na mimi nampa mtu ambaye mashine imemkataa.

Laini ya mama mdogo Rukaiya niliipata kwenye kidole cha pili cha Mwalimu Arthur.

Mwalimu Arthur alinifundisha hesabu darasa la sita. Sasa amestaafu, anaishi kwao Chidya. Siku ile alikuwa amekuja Newala kumtembelea binti yake, Mabel, ambaye ni nesi. Aliwapita mawakala wawili barabarani akaja kwangu. Alisema, "Bora nisajiliwe na mtu ninayemjua."

Sasa Mwalimu yuko mahabusu tangu Jumapili.

"Hii namba ilituma ujumbe kwa mkulima mmoja wa Makote anaitwa Hamudi," Afande Stella aliniambia. "Ujumbe ulimtishia kuchoma mikorosho yake. Siku tisa baadaye shamba likaungua. Mikorosho thelathini na miwili, yote imeshatoa maua. Kampuni imetuambia laini ni ya huyu mzee. Na shamba la mkwewe limepakana na la Hamudi, wana mgogoro wa mpaka."

"Mmeipiga hiyo namba?"

"Haipatikani. Usajili unaonyesha umefanyika kwenye mashine yako. Kesho saa nne uje kituoni uandikishe maelezo."

"Sawa, Afande."

Alipoondoka nilikaa. Mteja akaja, nikamsajili. Kidole kimoja tu. Nikakunja mwavuli, nikapanda gari la Masasi.

*

Msimamizi wetu anaitwa Joel. Ofisi yake iko Masasi mjini, chumba kimoja chenye kompyuta mbili na feni. Ni mdogo kwangu kwa umri, lakini ndiye anayetupangia malengo ya wiki. Mwezi wa sita nilivuka lengo, akanipa fulana na cheti.

"Joel, nataka ufute laini moja," nikamwambia.

"Ipi?"

Nikamtajia. Akaandika kwenye kompyuta. Ikazunguka. Tukasubiri. Feni ikazima umeme ulipokatika, kompyuta ikabaki na betri, mtandao ukapotea. Tukasubiri tena umeme urudi. Ulirudi baada ya saa moja na nusu. Joel akaanza upya na nywila yake, mfumo ukamwambia nywila imepitwa na wakati, abadilishe. Akabadilisha. Mfumo ukasema hiyo mpya inafanana mno na ya zamani.

Nilikuwa nimekaa tu. Sikuwa na haraka wala hasira.

Hatimaye ikafunguka.

"Unaona hiki kitufe?" Joel akanigeuzia kioo. "Kimeandikwa Futa. Kina rangi ya kijivu. Maana yake hakibonyezeki. Zamani kilikuwa chekundu, nilikuwa nafuta mwenyewe. Mwezi wa saba wenye mfumo wao kule Dar wameapdeti, kimekuwa hivi. Nimewaandikia mara tatu. Wananijibu kwamba ombi langu limepokelewa."

"Nani anaweza kufuta?"

"Mwenye laini. Aje na kidole chake." Akanitazama. "Kwani kuna nini, Mama Faidha?"

Nikamweleza. Sikumweleza yote. Nilimweleza habari ya Mwalimu na kidole cha pili. Jina la mama mdogo nikalibakiza.

Joel aliinuka akafunga mlango.

"Sikiliza," akasema. "Mfumo unaonyesha hivi: saa tatu na dakika arobaini na mbili, kidole kimesoma, laini ya kwanza. Saa tatu na dakika arobaini na nne, kidole kimesoma, laini ya pili. Mtu huyo huyo. Kabonyeza mwenyewe. Ni kweli au si kweli?"

"Ni kweli. Lakini mimi ndiye niliyemwambia haikusoma."

"Mfumo hauna sehemu ya kuandika hiyo."

"Najua hauna."

"Basi na wewe usiiandike." Akarudi kukaa. "Ukisema ulichonieleza, watakuja kuangalia mashine yako yote. Watamkuta Mwalimu na wengine waliofuata. Wako wangapi?"

"Kumi na saba."

Joel akakigeuza kioo kikamwelekea yeye. Kisha akasema, "Una mtoto, Mama Faidha," kama vile nilikuwa nimesahau.

Nje nikapiga huduma kwa wateja. Nilitaka kujaribu kila kitu. Sauti ikasema kwa Kiswahili nibonyeze moja, nikabonyeza. Kwa usajili nibonyeze nne, nikabonyeza. Ukapigwa muziki. Nikasimama kwenye kivuli cha duka la pembejeo dakika ishirini nasikiliza muziki ule ule ukianza upya.

Akapokea binti.

"Ndugu mteja, laini inafungwa na mmiliki pekee, afike kwenye duka letu akiwa na kitambulisho na kidole chake."

"Mmiliki yuko mahabusu."

"Pole sana. Basi atakapopata nafasi afike kwenye duka letu lililo karibu naye. Je, kuna jambo lingine naweza kukusaidia?"

"Hakuna."

Sekunde chache baadaye ukaingia ujumbe wa kampuni: umeridhika kiasi gani na huduma yetu, jibu 1 mpaka 5.

Nikajibu 5. Sijui kwa nini.

*

Jumatano saa nne nilikuwa kituoni Newala. Kwenye benchi la nje alikaa Mabel, amevaa sare zake za unesi na chupa ya uji mapajani. Aliponiona akasimama, akanishika mikono miwili.

"Mama Faidha, ahsante kwa kuja. Baba tangu Jumapili anasema ukija wewe mambo yatanyooka. Dawa zake za sukari nimewaletea, lakini sijui kama wanampa kwa saa zake."

"Tumuombe Mungu," nikasema.

"Mungu akubariki, dada yangu."

Nikaingia.

Afande Stella alikuwa na kompyuta mezani, imefunikwa kitambaa. Alisema haiwaki tangu wiki iliyopita, kwa hiyo anaandika kwa mkono. Akafungua faili.

"Wewe ndiye uliyemsajili Arthur?"

"Ndiyo."

"Laini mbili?"

"Ndiyo."

"Alibonyeza mwenyewe?"

"Ndiyo."

"Zote mbili?"

"Ndiyo."

"Kuna mtu alimshika mkono au kumlazimisha?"

"Hapana."

Kila nilichojibu kilikuwa kweli. Afande akaandika, akanisomea, nikatia sahihi. Nilidhani nimemaliza. Nikainua mkoba wangu.

Mlango wa nyuma ukafunguliwa, akaletwa Mwalimu.

Alikuwa hana mkanda wala viatu. Miwani wamemwachia. Shati lake jeupe lilikuwa na vumbi mgongoni, mahali mtu anapoegemea ukuta. Nikasimama kama tulivyokuwa tunasimama darasani akiingia.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, Mwanakombo. Hujambo? Mtoto hajambo?"

"Hajambo."

Akamgeukia Afande. Alionekana mtu aliyefarijika. "Huyu nilimfundisha mimi. Nilikuambia juzi, binti, kwamba mashine ilinikataa mara ya kwanza, nikarudia. Ndiyo maana zimetokea mbili. Muulize. Yeye alikuwepo."

Afande Stella akaniangalia. "Mashine ilimkataa?"

Nikiitikia, wataangalia mfumo, wataona haikumkataa, na wataniuliza kwa nini nilimwambia imemkataa. Nikikataa, nitakuwa nimemwita Mwalimu mwongo mbele ya macho yake.

"Sikumbuki, Afande."

Mwalimu Arthur akaweka miwani yake sawa. Hakukasirika. Aliniangalia alivyokuwa ananiangalia zamani nikikosea hesabu ambayo jana yake niliipata.

"Fikiri tena, Mwanakombo," akasema. "Hatuna haraka."

Ndivyo alivyokuwa akisema darasani. Hakuwahi kumpiga mtu kwa kukosea hesabu. Alikuwa anangoja.

Nikafikiri tena. Ukweli ulikuwa mdomoni kabisa, maneno manane au tisa tu. Nilingoja nisikie kitu, aibu, au hofu, au machozi. Sikusikia kitu. Kifua kilikuwa kama chumba ambacho watu wamehama.

"Sikumbuki, Mwalimu."



"Basi," akamwambia Afande. "Amesema hakumbuki. Mwandikie hivyo hivyo."

Wakamrudisha ndani. Afande akaandika. Kabla sijatoka alinionyesha karatasi nyingine, ujumbe wenyewe walioutoa kwenye simu ya Hamudi.

"Angalia na hii, labda itakukumbusha kitu."

Ulikuwa mstari mmoja. *Mikorosho usiyoipanda nitaichoma.*

Haukunikumbusha kitu. Nikamrudishia.

Nje Mabel aliinuka. "Umewaambia?"

"Nimewaambia."

Akalia kwa furaha. Nikampangusa machozi kwa ncha ya mtandio wangu.

*

Kutoka pale nikachukua bodaboda mpaka Makote.

Mama mdogo Rukaiya alikuwa uani kwake, amekaa kwenye kigoda, mikono imepakwa majivu mpaka kwenye viwiko. Wanapaka majivu ili mafuta ya korosho yasiwaunguze, na bado yanawaunguza. Mbele yake kulikuwa na kijiwe, na kijiti, na fungu la korosho. Anagonga, ganda linapasuka, anachomoa.

Shamba la Hamudi lilikuwa la marehemu mume wa mama mdogo. Mume alipofariki, Hamudi, mpwa wa marehemu, alikuja na wazee wa ukoo wao wakasema kwa desturi mali inakwenda kwa mtoto wa dada. Mama mdogo akatoka na watoto wake na masufuria. Mikorosho aliipanda yeye na mumewe kwa mikono yao. Kina mama wote wa kikundi wanaijua habari hiyo. Lakini polisi hawakumfuata, kwa sababu Makote nzima inajua Rukaiya hana laini, vidole vyake havisomi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona uko hivyo? Umeumwa?"

Nikakaa chini kwenye mkeka. Nikamweleza yote. Nilimweleza mpaka kile kidole cha pili, maana alikuwa hajui. Alidhani laini nilimpa tu, kwa kuwa mimi ni mtu wa kampuni.

Akaacha kugonga.

"Yule mwalimu mwenye miwani? Mzee yule analala chini kwa ajili ya laini yangu?"

"Ndiyo."

"Tangu Jumapili?"

"Ndiyo. Mama, nataka kujua kitu kimoja. Wewe hujui kuandika. Nani alikuandikia ule ujumbe?"

Aliweka kijiti chini.

"Wewe," akasema.

"Mimi?"

"Siku ya gulio. Nilikuja na simu aliyonipa mwanangu, ile ya kupangusa. Ulikuwa na watu wengi, wamepanga mstari. Nikakuambia niandikie neno kwa Hamudi, nikakutajia, ukaandika, ukanirudishia simu. Hukuniangalia hata usoni. Ulikuwa unamwambia mtu mwingine aweke kidole."

"Ulinitajia nini?"

Akasema kwa Chimakonde, kama alivyosema siku ile, kisha akalirudia kwa Kiswahili ili nisikosee.

"Nilisema, mikorosho usiyoipanda itakuchoma. Nilitaka ajue Mungu anaona. Basi."

Itakuchoma.

Simu ile ukiandika herufi mbili tatu inakutangulia, inakuwekea maneno juu, wewe unagusa tu. Inaweza kuwa iliniwekea *nitaichoma* nami nikagusa bila kusoma. Inaweza pia kuwa niliandika mwenyewe, kichwa kiko kwingine. Nimejaribu kuikumbuka siku hiyo mara nyingi. Namkumbuka mteja aliyekuwa mbele. Uso wa mama mdogo haumo.

"Hukuchoma wewe lile shamba?" nikauliza.

"Sijachoma. Siku hiyo nilikuwa hapa na kikundi. Kiangazi hiki kila mtu anachoma majani, upepo unachukua."

Ilibidi kumwamini, na nilimwamini. Nikanyoosha miguu kwenye mkeka. Jogoo alikuja akadonoa maganda, akayaacha.

Mama mdogo alinawa mikono kwa maji ya kwenye bakuli. Majivu yakatoka, vidole vikabaki vyeupe, vimebabuka. Akajipangusa taratibu kidole kwa kidole.

"Kesho nitakwenda kituoni," akasema. "Nitasema mwenye ile simu ni mimi, na shamba nimechoma mimi."

"Lakini hukuchoma."

"Nikisema sijachoma, wataniuliza sana. Wataniuliza laini nimepata wapi, wataniuliza nani kaandika. Nikisema nimechoma, watakuwa wamepata walichokuwa wanakitafuta. Nitawaambia laini niliiokota njiani. Mzee wa watu atarudi kwao."

"Watakufunga, mama."

"Mimi nimeshakula miaka yangu. Wewe una Faidha."

Hapo nilitakiwa nimshike mkono. Nilitakiwa niseme hapana, kesho nitakwenda mimi, nitasema kidole cha pili kilikuwa wizi wangu na maneno yalitoka kwenye mkono wangu. Nyinyi mnaosoma mnangoja niseme hivyo. Na yeye nadhani alikuwa anangoja, maana alinyamaza, akanipa nafasi, kama Mwalimu alivyonipa asubuhi ile.

Nilimtazama huyu mama aliyenibeba mgongoni toka msibani kwa mama yangu mpaka nyumbani kwake, nikiwa na miaka minne.

Nikamuuliza, "Utaondoka saa ngapi?"